Mbwa Aliyekata Kamba: Faini Ilipwe, Ipuuzwe au Ipingwe?



Tumepokea barua ya mama mmoja wa Kisauni. Kwa kuwa yaliyomo yanazigusa nyumba nyingi zenye watoto ughaibuni, tumeona tuyajadili hapa ili faida iwe ya wote. Jina lake tumelihifadhi. Na kwa kuwa siku za sheria hazingoji gazeti, mama mwenyewe tulikwisha kumjibu kwa simu, na haya ni yale tuliyomwambia pamoja na ufafanuzi wake.

Binti yake anafanya kazi ya kuhudumia wazee katika mji mmoja wa katikati ya Uingereza. Miongoni mwa anaowahudumia ni bibi mjane asiyeweza tena kwenda mwendo mrefu, naye ana mbwa. Kila alasiri, kwa ombi la bibi huyo na kwa idhini ya mwajiri, binti humtembeza mbwa katika bustani ya umma iliyo jirani. Siku moja kishikizo cha kamba kilivunjika, mbwa akachomoka mbio kuwafuata mabata, na kabla binti hajamfikia akatokea afisa wa baraza la mji. Afisa hakutaka maelezo marefu. Aliuliza jina na anwani, akaandika, akamkabidhi karatasi: pauni 100, zilipwe ndani ya siku 14, kwa kosa la kumwacha mbwa bila kamba.

Habari ilipofika Kisauni, nyumba iligawanyika. Baba yake alisema alipe anyamaze, kwani dawa ya deni ni kulipa na mgeni hagombani na wenyeji. Mjomba alisema karatasi itupwe, wenyewe watasahau. Binti naye akasema hakukosa, na hatatoa hata peni moja. Mama anauliza ashike neno la nani.

Kabla ya faini, tuliondoe jambo ambalo baadhi ya wasomaji wamekwisha kulinong'ona: binti wa Kiislamu ana lipi na mbwa? Kwa wafuasi wa madhehebu ya Imam Shafi, ambao ndio wengi katika pwani yetu, mbwa ni najisi nzito, na palipoguswa kwa unyevunyevu huoshwa mara saba, moja kati ya hizo kwa udongo. Kikavu kikigusa kikavu, najisi haihami. Hiyo ni hukumu ya tohara, wala si ruhusa ya kumtesa mnyama au kumnyima haja yake. Sote tunakijua kisa kilichopokewa katika hadithi sahihi, cha mtu aliyeshuka kisimani akamtekea mbwa mwenye kiu maji kwa kiatu chake, na Mwenyezi Mungu akamsamehe. Binti huyu hakumfuga mbwa kwa anasa. Anamsaidia mzee aliyeelemewa. Basi tusimhukumu kwa kisichoulizwa, turudi kwenye karatasi aliyopewa.

Karatasi hiyo ni nini hasa? Katika Uingereza iko sheria ya mwaka 2014 inayohusu mienendo inayowakera watu. Sheria hiyo iliyapa mabaraza ya miji mamlaka ya kutoa amri za kulinda maeneo ya umma. Kwa amri hizo, baraza laweza kukataza au kulazimisha jambo katika mahali palipotajwa, na mambo ya mbwa ni miongoni mwa yanayotawaliwa sana kwa njia hii. Amri moja haidumu zaidi ya miaka mitatu isipoongezwa muda. Kabla ya kuitoa, baraza hulazimika kushauriana na wahusika, na ikishatolewa, hulazimika kuitangaza na kuweka mabango mahali penyewe ili wapitao wajue.

Mtu akionekana kuvunja amri, afisa aweza kumpa ilani ya faini. Sheria ilipopitishwa iliweka ukomo wa faini hiyo kuwa pauni 100, na kuruhusu kiasi kipunguzwe kwa anayelipa mapema. Hapa ndipo wengi wanapokosea. Ilani ile si hukumu. Afisa hana mamlaka ya kumtia mtu hatiani. Anachosema kwa maandishi ni kwamba anaamini umetenda kosa, na kwamba ukilipa kiasi hiki kwa wakati hutashitakiwa kwa kosa hilo. Ni njia ya kulimaliza jambo nje ya mahakama, na mwenye kupewa njia ana hiari ya kuipita au kutoipita. Kila hiari ina thamani yake.

Tuanze na neno la baba. Kulipa si unyonge. Mwenye kulipa ndani ya siku 14 amelifunga shauri. Hakuna kesi, hakuna hukumu, hakuna kusimama mbele ya hakimu. Kwa mtu aliye peke yake katika nchi ya watu, anayefanya kazi kwa zamu, utulivu huo una bei yake. Lakini methali aliyoitumia baba yahitaji kitu kimoja, nacho ni deni. Dawa ya deni ni kulipa pale deni linapokuwapo. Pauni 100 ni shilingi elfu kumi na kadhaa za kwetu, na huenda ni karo ya mdogo wake au dawa za nyanya yake. Hazitolewi kwa hofu tu, kabla mtu hajaisoma karatasi aliyopewa. Woga wa mgeni ni jambo la kueleweka, ila sheria ya nchi ile haikuwatenga wageni katika haki ya kusikilizwa.

Neno la mjomba ndilo la hatari kuliko yote, na linasikika sana katika familia zetu. Kutupa karatasi hakuifuti. Siku 14 zikipita bila malipo, baraza lina uhuru wa kwenda mahakamani, na kwa makosa madogo ya aina hii lina miezi sita tangu siku ya tukio ya kufungua mashitaka. Kimya cha wiki nane hakina maana kwamba wamesahau. Mashitaka yakifunguliwa, barua hutumwa kwenye anwani iliyoandikwa siku ile, na wahudumu wa wazee huhama vyumba mara kwa mara. Asiyekuwepo na lake halipo: mahakama yaweza kusikiliza shauri bila yeye na kumtia hatiani. Hapo faini yaweza kupanda hadi pauni 1,000, na juu yake gharama za mashitaka. Zaidi ya fedha, sasa pana hukumu ya mahakama yenye jina lake. Fomu za viza na za ukaazi huuliza habari za hukumu, na anayeificha hujitia katika kosa kubwa kuliko la mbwa. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Limebaki neno la binti, kwamba hakukosa. Hili ndilo linalotaka kupimwa kwa utulivu, kwa sababu kuona kwamba umeonewa hakutoshi kuwa hoja. Tulimwambia mama amuulize binti maswali manne, na ayajibu akiwa ameishika karatasi mkononi.

Swali la kwanza: je, mahali pale pana amri? Amri ya baraza haienei kila penye majani. Huwa na mipaka, mara nyingi pamoja na ramani, na mabaraza hulazimika kuichapisha katika tovuti zao. Binti aitafute amri yenyewe, aangalie kama bustani ile imetajwa, kama tukio lilitokea ndani ya mpaka, na kama muda wa amri haujakwisha.

Swali la pili: amri hiyo inasema nini hasa? Ziko amri zinazotaka mbwa awe na kamba wakati wote katika eneo fulani. Ziko nyingine zinazosema mbwa aweza kuwa huru, lakini mwenye kumchunga afunge kamba pindi afisa anapomwamuru. Tofauti hii ni kubwa. Katika aina ya pili kosa haliji kwa mbwa kukimbia. Huja pale mtu anapoamriwa na akakataa kutii. Ikiwa bustani ile iko chini ya amri ya aina ya pili, na afisa aliandika faini bila kumwamuru binti amfunge mbwa, basi kosa lililoandikwa halikutendeka.

Swali la tatu: nani aliyekuwa na dhamana ya mbwa? Hapa binti asijidanganye. Kusema kwamba mbwa ni wa bibi hakumwokoi, kwa kuwa kwa kawaida amri hizi humwangalia aliyekuwa akimchunga mbwa wakati ule. Binti ndiye aliyeishika kamba. Wala asiende kwa bibi kumtaka pesa, kwani wahudumu wengi hukatazwa na waajiri wao kupokea fedha kutoka kwa wanaowahudumia. Amwarifu mwajiri wake mapema na kwa maandishi, maana kazi ile aliifanya kwa idhini yake.

Swali la nne ndilo lenye uzito katika kisa chetu: je, alikuwa na udhuru? Sheria ya 2014 haikusema kila anayevunja amri ana kosa. Ilisema ni kosa kuivunja bila udhuru wa maana. Mtu aliyemfungua mbwa ili akimbie, na mtu aliyekatikiwa na kamba mkononi akamfukuza mbwa papo hapo, si sawa mbele ya akili wala mbele ya sheria. Lakini udhuru usiothibitishwa hubaki kuwa maneno. Kishikizo kilichovunjika kisitupwe. Kipigwe picha, kihifadhiwe. Ikiwa bibi amenunua kamba mpya, stakabadhi yenye tarehe ni ushahidi. Kama palikuwa na mtu aliyeona, aombwe kwa adabu aandike alichokiona. Na binti mwenyewe aandike habari yote siku hiyo hiyo au kesho yake: saa, mahali, mbwa alikwenda umbali gani, afisa alisema nini, yeye alijibu nini. Kumbukumbu ya mwezi mmoja huongezewa chumvi hata na mwenye nia njema.

Akishajibu maswali hayo na kuona kwamba ana hoja, afanyeje? Ajue kwanza kwamba kwa ilani za aina hii sheria haikuweka rufaa rasmi. Njia iliyopo ni kuliandikia baraza kabla siku hazijaisha na kuliomba liifute. Mabaraza mengi huyasoma maelezo kama hayo, nayo yana hiari ya kuondoa ilani. Barua iwe fupi na yenye heshima: namba ya ilani, tarehe, kilichotokea, sababu ya kuipinga, na ushahidi ulioambatishwa. Asimtukane afisa, wala asidai kwamba alimchagua kwa rangi au kwa mtandio wake, ila ikiwa ana jambo mahususi alilolisikia au kuliona. Aombe katika barua hiyo hiyo kwamba hesabu ya siku isimamishwe mpaka ajibiwe, na aombe jibu la maandishi. Asipopata ahadi hiyo, siku 14 zinaendelea kuhesabika, naye asilale akidhani barua imemkinga. Nakala ya kila karatasi abaki nayo.

Baraza likikataa, ndipo pana njia panda. Aweza kulipa ikiwa siku bado zipo, au aweza kuacha shauri liende kwa mahakimu na kukana kosa. Huko baraza ndilo lenye mzigo wa kuthibitisha kwamba tendo lilitokea na kwamba amri ililikataza. Akihitaji mkalimani, mahakama humpatia bila malipo. Lakini asiingie kwa hasira. Hoja ya amri isiyokuwapo, au ya agizo ambalo halikutolewa, ni hoja nzito. Hoja ya kishikizo kilichovunjika ni nzuri ikiwa ina ushahidi, ila mahakimu ndio watakaoipima, na akishindwa atalipa zaidi ya pauni 100 na kubaki na hukumu. Kabla ya kuchagua njia hiyo, aende kwa Citizens Advice, taasisi inayotoa ushauri bure katika miji mingi ya Uingereza. Kwa mwenye viza, pia amwone mshauri wa mambo ya uhamiaji anayetambuliwa kisheria. Asitegemee kundi la WhatsApp la watu wa kwao.

Ndugu wasomaji, yote tuliyoyasema yanasimama juu ya jambo moja, nalo ni ukweli. Kama kweli kishikizo kilivunjika, kupinga ni haki. Kama binti alimfungua mbwa mwenyewe kwa kumwonea huruma, halafu akavunja kishikizo nyumbani ili apate udhuru, basi hapo hapana haki inayodaiwa, pana uongo unaotafutiwa mhuri. Mama ndiye anayemjua mwanawe. Tulimwambia amuulize mara moja, wakiwa wawili tu, bila baba na bila mjomba, na amwache aseme. Akikiri kwamba alimfungua, jibu ni jepesi: alipe kabla ya siku kwisha, na asimwambie mtu kwamba ameonewa.

Wala tusidhani kwamba kumwajibisha mtu kwa mnyama aliyemponyoka ni vituko vya Wazungu. Katika Surat Al-Anbiyaa pametajwa kisa cha kondoo walioingia usiku katika shamba la watu, na Nabii Daud na Nabii Sulayman, amani iwe juu yao, wakalihukumu shauri hilo. Wanazuoni wakajadili kwa upana ni lini mchungaji anabeba dhamana na ni lini habebi, wakitazama kama alikuwa na mnyama, kama alizembea, kama ulikuwa usiku au mchana. Kutenganisha uzembe na ajali ni jambo letu la zamani. Na mtoto anayecheza bustanini ana haki ya kutorukiwa na mbwa asiyemjua, kama wanavyojua akina mama wa Kiislamu wa kule wanaolazimika kuwabeba watoto wao wanaolia na kisha kwenda kuosha nguo mara saba. Tunaipinga faini tukiona haikustahili, bila kuidharau sababu ya sheria yenyewe.

Wasomaji walio hapa nyumbani wasidhani kwamba habari hii ni ya ng'ambo tu. Katiba yetu ya mwaka 2010, katika Jedwali la Nne, imeziachia serikali za kaunti kazi ya udhibiti wa wanyama, na utoaji wa leseni za mbwa umetajwa humo kwa jina. Wako miongoni mwetu wanaofuga mbwa wa kulinda mashamba na mifugo, jambo ambalo dini imeliruhusu, na mbwa hao wakizurura huweza kuwaletea wenyewe mashitaka. Tena kwetu hatari ni kubwa zaidi, kwa kuwa kichaa cha mbwa bado kinaua nchini Kenya. Mbwa achanjwe. Aliyeumwa aoshwe jeraha kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa muda wa dakika 15, kisha apelekwe hospitali siku hiyo hiyo.

Na ikiwa ni wewe uliyeshitakiwa, Kifungu cha 50 cha Katiba kinakupa haki ya kuhesabiwa huna hatia mpaka ithibitike vinginevyo, kuelezwa shitaka kwa ukamilifu, kupewa muda wa kutosha kujitayarisha, na kupewa mkalimani bila malipo ikiwa huielewi lugha ya mahakama. Kifungu cha 49 kinasema asiwekwe rumande mtu ambaye kosa lake adhabu yake ni faini tu, au kifungo kisichozidi miezi sita. Kwa hiyo akikujia mtu mlangoni akitaka faini ya mbwa kwa fedha taslimu, muulize kwa upole ni sheria gani, na stakabadhi yake iko wapi. Maswali haya si utovu wa nidhamu.

Kwa mama yetu wa Kisauni, jibu tulilompa ni hili. Neno la mjomba aliache kabisa. Neno la binti alipime kwa ukweli, kwa amri ya baraza na kwa ushahidi. Yakitimia matatu hayo, aandike barua mapema. Na neno la baba lisitupwe, liwekwe akiba: ikiwa siku zinakaribia kwisha na baraza halijajibu au limekataa, na hoja yake si nzito kiasi cha kuipeleka mahakamani, alipe, achukue stakabadhi, aendelee na kazi yake ya kuwahudumia wazee. Atakuwa amepoteza pauni 100, lakini hakupoteza ukweli wake wala nafasi yake.

Mwenyezi Mungu awahifadhi watoto wetu walio mbali, awape waajiri wema na majirani wema. Wallahu a'lam. Tukutane juma lijalo, InshaAllah.